Rangi inabanduka, inatoa chumvi, inapauka: pa kuanzia kutafuta tatizo kwenye nyumba za Mtwara na Lindi

Kabla hujampigia fundi simu kumgombeza, na kabla hujarudi dukani kununua ndoo nyingine, bandua gamba moja la rangi pale ukutani lilipolegea. Ligeuze, ulitazame mgongoni kwenye mwanga. Mgongo wa gamba una habari nyingi kuliko uso wake.

Ukiona unga mweupe unaoshika vidoleni, rangi ilipakwa juu ya chokaa, au juu ya rangi kuukuu iliyokwisha nguvu, ikashika unga badala ya kushika ukuta. Ukiona punje za mchanga, lipu yenyewe ndiyo dhaifu: saruji ilikuwa haba, au lipu iliachwa ikauke kwa jua bila kumwagiliwa. Mgongo ukiwa laini na unang'aa, chini yake kuna rangi ya mafuta ambayo haikuguswa na msasa. Ukikuta tabaka nene jeupe linalolainika ukililowesha, hiyo ni puti ya jipsamu. Puti hiyo ikitumika ndani haina neno. Ikitumika nje, mvua ya kwanza inailainisha na ya pili inaondoka nayo pamoja na rangi. Mafundi wengi wanajua, ila ya jipsamu ni rahisi kwa bei na inateleza vizuri kwenye pati, yaani bamba la kupakia puti. Nje, sema unataka skimu, yaani puti ya kulainisha ukuta, ya saruji nyeupe, na utazame mfuko kabla haujafunguliwa.

Mgongo ukiwa na unyevu, au gamba likitoka na harufu ya udongo uliolowa, rangi haina kosa lolote. Ukuta una maji.

Huku kwetu hilo ndilo tatizo la mara nyingi kuliko yote, na ndiyo maana mpangilio wangu wa kutafuta ni huu: tafuta maji kwanza, halafu tazama hali ya ukuta, ubora wa rangi uuache mwisho. Watu wengi wanaanzia mwisho. Wanabadilisha kampuni ya rangi mara tatu huku maji ya bafuni yanaendelea kupenya palepale.

Malengelenge na kubanduka kuanzia chini

Dalili yake ni mstari. Rangi imechakaa kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, pengine hadi kiunoni, na juu ya hapo ukuta ni mzima kabisa. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia vitundu vidogo vya tofali na lipu. Yakifika juu yanatafuta njia ya kutoka, yanakuta rangi imeziba, yanaisukuma.

Usikisie, pima. Chukua kipande cha nailoni kisichopitisha maji, kama futi moja kwa futi moja, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne bila kuacha upenyo. Kiache siku moja hadi mbili. Matone yakitokea upande wa ndani, unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakitokea upande wa nje, unaotazama chumba, ukuta hauna shida: hewa ya chumba ndiyo yenye unyevu, na dawa yake ni dirisha. Jaribio hili linagharimu tepu tu, na limewaokolea watu hela ya kubomoa lipu isiyo na kosa.

Ukishajua ni ukuta, toka nje uzunguke nyumba. Anza na usawa wa ardhi. Nyumba nyingi za mjini zilijengwa msingi ukiwa juu vizuri, halafu miaka ikapita, barabara ikainuliwa kifusi, watu wakamwaga mchanga uani, wakajenga bustani ya maua inayoegemea ukuta, na sasa udongo umepita usawa wa jamvi, yaani sakafu ya zege ya nyumba. Hata kama fundi aliweka nailoni nyeusi juu ya msingi, udongo ukiwa juu yake maji yanairuka. Chimbua, shusha udongo uwe chini ya usawa wa jamvi, sentimita 15 si mbaya, na hamisha yale maua.

Tazama tena paa. Nyumba isiyo na gata inamwaga maji yote kwenye mstari mmoja, na kila tone linarusha tope ukutani. Newala na Tandahimba, ambako udongo ni mwekundu, huhitaji kuuliza: ukuta una mkanda mwekundu kuzunguka nyumba nzima. Rangi mpya haitashinda hapo. Weka gata, au zungushia nyumba sakafu ya zege yenye mteremko wa kuelekea nje, au walau mwaga kokoto pale maji yanapoangukia ili tone lisipige udongo mtupu. Wale wanaopaka mkanda wa rangi nzito chini ya ukuta wa nje, kahawia au nyekundu ya ngeu (udongo mwekundu), wana akili. Tope linaendelea kurushwa lakini halionekani, na mkanda unarudiwa peke yake bila kugusa ukuta mzima.

Halafu bafu. Malengelenge yakiwa kwenye ukuta wa chumba uliopakana na bafu, usihangaike na udongo wa nje. Maji yanapita kwenye vigae vilivyochoka maungio, au bomba lililofukiwa ukutani linavuja pole pole. Funga koki zote, soma mita jioni, soma tena asubuhi. Namba ikiwa imesogea, unajua ni bomba.

Na chemba ya maji taka iliyo karibu na msingi, hasa ikijaa, nayo inalowesha. Hiyo utaijua kwa harufu.

Baada ya kuondoa chanzo, ukuta uache ukauke. Si siku tatu. Lipu iliyolowa muda mrefu ni ya kubanduliwa hadi kwenye tofali, kupigwa upya na kusubiriwa. Asiyetaka kusubiri apake chokaa kwa muda, kwa kuwa chokaa inaruhusu unyevu utoke. Rangi ya silki, ile ya maji yenye mng'ao, inauziba.

Unga mweupe unaotoka ukutani

Wenyewe tunasema ukuta unatoa chumvi, na kweli ni chumvi. Maji yaliyomo ukutani yanayeyusha chumvi, yanatoka nayo hadi kwenye uso, yanakauka, chumvi inabaki. Ikijikusanya chini ya rangi inaisukuma hadi inapasuka. Utaiona kama manyoya meupe au ukoko mwembamba, na mara nyingi inatokea pale pale kwenye mabaka ya maji.

Kwenye ukanda wetu wa pwani chumvi ina milango mitatu. Wa kwanza ni mchanga wa ufukweni. Ni mchanga wa karibu na wa bei ndogo, na mtu anayejenga kwa kuungaunga anashawishika. Wa pili ni maji ya kisima: visima vingi karibu na bahari vina maji ya magadi, na fundi akichanganyia lipu hayo maji amekwishaiweka chumvi ndani. Wa tatu ni ardhi yenyewe. Mchanga na maji unaweza kuvipima kwa ulimi kabla ya kununua, kama mafundi wa zamani wanavyofanya hadi leo: punje chache mdomoni, onja, tema.

Kosa linalorudiwa ni kuosha. Mtu anaona unga, anachukua ndoo ya maji na sponji. Maji yanaiyeyusha chumvi, ukuta unainywa tena, wiki mbili baadaye iko pale pale. Chumvi inaondolewa kavu. Chukua brashi ngumu, kwangua, zoa unga, utupe mbali na ukuta. Acha wiki kadhaa. Ikirudi, kwangua tena. Kila mara itatoka kidogo kuliko mwanzo, mradi maji yamekatwa. Ikitulia ndipo upake praima (rangi ya msingi) inayostahimili ukali wa saruji, kisha rangi.

Usikubali ushauri wa kuizibia chumvi kwa rangi ya mafuta. Itatulia miezi michache, halafu itaondoka na kipande cha lipu.

Kama nyumba ilijengwa kwa mchanga wa bahari, tazama pia linta na nguzo. Ufa ulionyooka unaofuata nondo, wenye rangi ya kutu, maana yake chumvi imefika kwenye chuma. Chuma kikishika kutu kinavimba na kupasua zege. Hapo umetoka kwenye habari za rangi. Mwite fundi wa zege au mhandisi.

Rangi mpya, ukuta mpya, na bado mabaka

Lipu mpya ina ukali. Saruji ikichanganywa na maji inatoa alkali kali, na ukali huo unapungua kadiri lipu inavyokauka na kukomaa. Siku 28 ndicho kipimo cha kawaida cha kusubiri, na kipindi cha mvua ongeza. Ukipaka rangi ya maji kabla, rangi inapauka kwa mabaka, hasa bluu na zambarau. Ukipaka rangi ya mafuta kabla, inakuwa laini na kunata na haikauki kabisa. Akina mama wanaotengeneza sabuni ya mafuta ya nazi kwa kostiki soda wanaielewa hii bila kufundishwa: mafuta yakikutana na alkali yanakuwa sabuni. Ndicho kinachotokea ukutani kwako, na hakuna mkono wa pili wa rangi utakaoiponya. Kwangua yote, subiri, anza na praima.

Sasa niseme la msimu, maana ndilo chanzo cha mabaka mengi ninayoyaona.

Hela ya korosho inaanza kuingia minada ikifunguliwa Oktoba, na wengi wanaipata mkononi Novemba. Mvua yetu ni moja ndefu, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili, pengine Mei. Kwa hiyo mtu anapiga lipu Novemba, anapaka rangi mapema Desemba ili Krismasi au harusi ikute nyumba inang'aa, na ukuta bado unatoa maji ya saruji huku mawingu yanajikusanya. Machi nyumba ina malengelenge, na anayelaumiwa ni muuza rangi.

Siwezi kumwambia mtu asitumie hela yake ikiwa ipo, maana ikilala itakwenda kwenye mambo mengine. Lakini igawanye kazi. Novemba nunua rangi, paka vyumba vya ndani ambavyo lipu yake ni ya zamani, rekebisha paa na gata. Rangi ya maji isiyofunguliwa, ikiwekwa chumbani mbali na jua na juu ya ubao badala ya sakafu, itakungoja. Nje paka Juni hadi Oktoba. Mei usiiamini: mwaka 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu mwanzoni mwa Mei, na mvua ya upepo namna ile inaingia hata kwenye ukuta unaokingwa na paa refu.

Kipupwe nacho kina masharti yake. Usiku una umande, na kusi inavuma kutoka baharini ikibeba chumvi. Kwa nyumba zinazotazama maji, Shangani ya Mtwara au kando ya Ghuba ya Lindi, pitisha kidole kwenye kioo cha dirisha la upande wa bahari, uonje. Chumvi hiyo hiyo iko ukutani, na rangi ikipakwa juu yake haishiki. Osha ukuta kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, sugua kwa brashi, acha ukauke vizuri. (Hii ni chumvi ya juu juu iliyoletwa na upepo, ndiyo maana inaoshwa. Ile inayotoka ndani ya ukuta ndiyo ya kukwangua kavu.) Anza kupaka umande ukishaondoka, kama saa tatu asubuhi, na weka brashi chini saa kumi ili rangi ikauke kabla umande haujarudi. Rangi ya maji ikipigwa na umande kabla haijakaza inatoa michirizi yenye utelezi, kama sabuni iliyochuruzika. Ukiiona usiogope, ioshe kwa maji mapema, itaondoka.

Nyumba za mawe za zamani

Mikindani, Kilwa Kivinje, na nyumba chache zilizobaki Lindi mjini zina kuta za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, ujenzi ule ule wa Kilwa Kisiwani, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Kuta hizi ni nene, zinanyonya maji wakati wa mvua na kuyatoa polepole kiangazi. Zimekaa hivyo miaka mingi bila tatizo, hadi mjukuu anaporudi kutoka Dar es Salaam na ndoo ya silki.

Dalili ni ya kipekee: rangi inatoka kwa mapande makubwa kama ngozi, mgongo wake ukiwa na unga, na nyuma yake chokaa imelainika kuwa tope. Mara nyingine kuna kiraka cha lipu ya saruji, na kuoza kumeanzia pembeni mwa kiraka. Saruji na rangi ya plastiki vinaziba. Maji yaliyokuwa yanatoka usoni sasa yanabaki ndani, yanakula chokaa.

Dawa ni kurudi kwenye chokaa. Bandua rangi yote inayokubali kutoka, bandua viraka vya saruji bila kuvunja mawe, ziba kwa mchanganyiko wa chokaa na mchanga. Kisha loweka chokaa iliyozimwa kwenye pipa, iache ilale walau usiku mmoja, ichuje kwa kitambaa, uipunguze hadi iwe nyepesi kama maziwa. Nyunyizia ukuta maji kwanza, upake mkono mwembamba. Ukitazama utadhani hujapaka kitu, kwa kuwa chokaa mbichi inaonyesha hadi ndani. Weupe unakuja ikikauka. Rudia mara tatu au nne, kila mara mkono mwembamba. Anayepaka mara moja kwa unene ili amalize anapata maganda. Ukitaka rangi, tia ngeu au oksaidi ya unga, kidogo kidogo, na uchanganye ya kutosha ukuta mzima kwa pamoja kwa sababu kuipata tena rangi ile ile ni bahati. Vaa miwani. Chokaa ikiingia jichoni inaunguza. Suuza kwa maji mengi mara moja na uende hospitali.

Kuna anayesema chokaa ni ya masikini. Ukuta haujui hayo.

Kuvu nyeusi

Mabaka meusi au ya kijani nyuma ya kabati, kwenye kona za bafu, na nje upande usiopata jua. Kwanza hakikisha ni kuvu na si masizi ya jikoni. Dondoshea tone la jiki. Doa likififia ndani ya dakika moja au mbili, ni kuvu. Likibaki vile vile, ni uchafu, osha kwa sabuni.

Kuvu inauawa kabla ya kupakwa rangi. Ikifunikwa, inakula rangi mpya na kutokeza juu. Changanya jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo vitatu, paka, acha dakika 15 hivi, sugua, suuza, kausha. Fungua madirisha, vaa glovu, na usichanganye kamwe jiki na dawa ya choo yenye asidi, siki, wala kitu chenye amonia. Gesi inayotoka inaweza kukulaza hospitali.

Kisha ondoa sababu. Bafu lisilo na tundu la hewa, chumba chenye madirisha yanayofungwa mchana kutwa kwa kuogopa vumbi, kabati lililogandamizwa ukutani. Sogeza kabati kiganja kimoja kutoka ukutani, hewa ipite.

Kupauka, na unga unaoshika nguo

Ukiegemea ukuta wa nje ukaondoka na shati jeupe mgongoni, rangi imekufa. Jua limekula gundi iliyokuwa inashika unga wa rangi, unga umebaki peke yake. Baada ya miaka mingi ni jambo la kawaida. Baada ya mwaka mmoja ni moja kati ya mambo mawili: rangi ya ndani imepakwa nje, au maji yamezidi kwenye ndoo.

Ukimwuliza fundi, "Mjomba, maji umetia kiasi gani?", atakujibu, "Ya kutosha tu, mama." Wewe piga hesabu. Chumba cha mita 3.5 kwa 3, chenye kimo cha mita 3, kina mzunguko wa mita 13, yaani mita za mraba 39 za ukuta. Toa mlango na dirisha, bakiza 35. Lita moja ya rangi ya maji inafunika karibu mita za mraba 10 kwenye ukuta laini kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili inataka lita 7. Ndoo ya lita 20 inakaribia kumaliza vyumba vya namna hiyo vitatu, au viwili tu kama lipu ni ya kukwaruza. Fundi akikuambia ndoo moja imetosha vyumba sita mikono miwili, nusu ya ulichopakiwa ni maji. Ndoo imeandikwa kiwango cha maji, kisome mwenyewe, na ukiweza uwepo wakati wa kuchanganya.

Rangi zenyewe pia hazilingani. Nyekundu kali, zambarau na baadhi ya njano zinapauka haraka juani. Zinazotokana na oksaidi ya chuma, yaani ngeu, kahawia, njano ya udongo, zinadumu. Kwa ukuta unaotazama magharibi, ambao unapigwa na jua kali la alasiri hadi machweo, mimi nisingeweka nyekundu ya soda hata kwa kulipwa.

Kuurekebisha ukuta unaotoa unga: osha na kusugua hadi kiganja kitoke kisafi, acha ukauke, paka praima ya kushikanisha, ndipo rangi. Ukipaka juu ya unga unarudi kwenye lile gamba lenye mgongo mweupe.

Mistari ya rola, mabaka ya kung'aa na kufifia

Rangi imekauka kabla fundi hajarudi kuunganisha. Fuata kivuli: ukuta wa mashariki upake alasiri, wa magharibi asubuhi, na ukuta mmoja umalizike bila kwenda kula katikati. Kama mabaka yako pale palipozibwa puti, puti imenywa rangi kuliko sehemu nyingine; praima mahali hapo, kisha rudia ukuta mzima kutoka kona hadi kona. Ndoo mbili za rangi moja zilizochanganywa dukani siku tofauti zichanganye pamoja kwenye pipa kabla ya kuanza.

Rangi ya mafuta iliyokunjamana au isiyokauka

Kukunjamana ni unene na jua: juu pamekauka, chini bado majimaji. Subiri ikauke yote, piga msasa, rudia kwa mkono mwembamba. Kutokauka mara nyingi ni fundi aliyepunguzia rangi kwa mafuta ya taa au dizeli badala ya thina au tapentaini. Iondoe, hakuna namna. Milango ya mvule ina sababu nyingine: mbao hiyo ina utomvu unaozuia rangi ya mafuta kukauka. Ifute kwa thina, praima, kisha endelea. Mbao za paini zinatoa utomvu kwenye vifundo, na doa la njano linapenya rangi yoyote hadi kifundo kizibwe kwa shelaki, aina ya vanishi.

Ukipiga msasa rangi ya mafuta ya zamani sana, ilowanishe na uwaondoe watoto. Za zamani huenda zina risasi, na vumbi lake ni sumu.

Doa la kahawia kwenye dari

Bati linavuja. Panda juu, ziba tundu la msumari, subiri dari ikauke. Ukipaka rangi ya maji moja kwa moja doa litarudi kesho yake, kwa kuwa maji ya rangi yanaliamsha. Paka mkono mmoja wa rangi ya mafuta nyeupe isiyong'aa juu ya doa tu, ikikauka funika kwa rangi ya dari.

Grili, mageti na mabati

Kutu ya pwani si sawa na kutu ya bara, Masasi au Nachingwea. Kwenye vijishimo vya chuma kilichoshika kutu kumelala chumvi, na chumvi inavuta unyevu wa hewa hata siku isiyo na mvua. Ndiyo maana grili iliyopigwa msasa na kupakwa rangi vizuri inarudi kuvimba baada ya miezi michache. Sugua kwa brashi ya waya, halafu osha kwa maji safi yasiyo ya kisima cha magadi, futa, kausha juani, na siku hiyo hiyo paka redi oksaidi, rangi ya msingi ya kuzuia kutu. Ukiiacha usiku mmoja umande umekwishafanya kazi yake. Mikono miwili ya redi oksaidi, na mkono wa ziada kwenye maungio ya kuchomelea na kwenye kingo, ambako rangi hukaa nyembamba. Paka pia mgongo wa grili, upande unaotazama kioo, ambao mafundi huuruka kwa kuwa mkono haupiti vizuri. Brashi ndogo iliyopindwa inapita.

Mabati mapya ni kesi tofauti. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki inabanduka kwa mapande, kwa sababu zinki nayo inageuza mafuta kuwa aina ya sabuni. Osha mabati kwa sabuni kuondoa mafuta ya kiwandani, suuza, kisha tumia praima ya mabati, au rangi ya mabati ya maji ambayo imeandikwa kwamba inashika kwenye zinki.

Geti lililochomelewa kwa paipu za mraba linaoza kuanzia ndani. Dalili ni maji ya kutu yanayochuruzika chini ya kona siku baada ya mvua, huku rangi ya nje ikiwa bado nzuri. Gonga pale chini kwa nyundo ndogo. Sauti ikiwa butu au chuma kikibonyea, usipoteze rangi: kata kipande cha chini, chomelea kipya, toboa kitundu cha kutolea maji kwenye sehemu ya chini kabisa, funga kofia upande wa juu mvua isiingie, ndipo ufungue kopo la redi oksaidi.